Bibi Harusi Kapita

Swali la wiki hii linauliza: "Ni wimbo gani ukiusikia unakurudisha kwenye siku ya pilikapilika kazini kwako?" Wimbo wangu hauchezwi redioni na hauna jina. Niliusikia kwenye ghala la chama chetu cha msingi cha ushirika, wilayani Tandahimba, mkoani Mtwara, Oktoba 2017, katika wiki ambayo mnada wa korosho ulikuja kufanyika kijijini kwetu.

Kwa wasomaji wasioishi kwenye korosho, nieleze kidogo. Mkulima akishaanua na kuchambua, analeta korosho zake chamani, zinapimwa, anapewa karatasi yake, kisha mzigo wote unasombwa kwenda ghala kuu. Huo ndio mfumo wa stakabadhi ghalani, tuliouanza kwenye korosho mwaka 2007. Mkulima hashiki hela mpaka mnada upite. Mzigo usipofika ghala kuu kabla orodha ya mauzo haijafungwa, unasubiri mnada mwingine, na mkulima naye anasubiri, huku duka la sare halimsubiri. Kwa hiyo siku mbili kabla ya mnada hakuna anayelala. Mimi nilikuwa karani. Kazi yangu ilikuwa kukaa mlangoni na daftari na kupiga mstari kwa kila gunia linalotoka kwenda kwenye lori.

Makuli walikuwa kumi na wawili na manju wao alikuwa mzee mmoja mwembamba, kanga kuukuu kajikunjia begani mahali gunia linapokaa. Gunia la korosho ni kama kilo 80. Yeye alianza, wenzake wakaitikia, na mguu ukakanyaga ubao wa lori palepale kwenye kiitikio:

"Mama kaniita!"
"Naja!"
"Mzigo u begani!"
"Naja!"

Maneno ya katikati aliyabadilisha atakavyo. Alimwimba dereva, akaimba uji uliochelewa, akaniimba na mimi na kalamu yangu. Lakini gunia la kumi likipanda, bila kukosa, aliinua sauti: "Bibi harusi kapita!" na wote wakajibu, "Kapita, kapita!" Halafu hesabu inaanza upya. Kila magunia kumi ni bibi harusi mmoja ametolewa nyumbani. Nilichukua karibu nusu saa kutambua kwamba ule haukuwa utani wa kuchangamshana tu. Mzee yule alikuwa anahesabu kwa koo, na wenzake kumi na mmoja walikuwa mashahidi wake. Baada ya hapo nikawa naandika mistari yangu mitano mitano huku sikio liko kwake, na kila "kapita" ilinikuta nimefunga fungu la pili la mistari. Sijawahi kufanya kazi kwa utulivu kama ule, na ilikuwa saa nne ya usiku, vumbi la maganda limetanda kwenye mwanga wa taa.

Kwenye lori la pili ndipo vijana wa muziki walipofika na jenereta, wakafunga spika mbili ubavuni mwa ghala ili wazijaribu kwa ajili ya kesho. Wakafungulia Bongo Fleva. Muziki wenyewe ulikuwa mzuri, na makuli wawili watatu waliufurahia, lakini mwendo wake ulikuwa wa haraka kuliko mguu wa mtu aliyebeba kilo 80. Mstari ukakatika. Wa mbele alifuata spika, wa nyuma alimfuata mzee, ubaoni wakagongana. Gunia moja likafumuka mshono. Likashushwa, likarudishwa mlangoni, kijana akalishona kwa shazia na uzi wa katani, korosho zilizomwagika zikaokotwa moja moja na kurudishwa ndani, gunia likawekwa tena kwenye mizani, likabebwa tena.

Lori lilipojaa, daftari langu lilisema magunia 186. Utingo akasema 185.

Ukiwa nje ya kazi hii, gunia moja unaweza kuliona dogo. Msimu ule bei ilizidi shilingi 3,000 kwa kilo, kwa hiyo gunia moja lilizidi shilingi 240,000. Ni la mtu. Ni dawa ya salfa aliyokopa, ni palizi ya mikorosho, ni mtoto anayeanza kidato cha kwanza Januari. Ningeandika 186 na ghala kuu wakapokea 185, kuna mkulima angeambiwa mzigo wake umepungua njiani, na angekuwa na haki ya kutuita wezi. Nikasimama na mikono inatetemeka. Katibu akaamuru turubai lifunguliwe.

Mzee akanisogelea. "Shikamoo baba," nikamwambia, maana sikuwa na neno jingine. Akaitikia, kisha akasema, "Mwanangu, mabibi harusi ni kumi na wanane, na waliosindikiza ni watano."

Mia na themanini na tano. Nikamuuliza aliwezaje kushika hesabu na kelele ile yote. Akanijibu, "Mimi sikuacha kuimba. Wewe ndiye uliyeacha kunisikia."

Turubai lilifunguliwa hata hivyo, kwa sababu kitabu hakikubali wimbo. Tukahesabu safu kwa safu, tukapata 185. Gunia lililoshonwa nilikuwa nimelipigia mstari mara mbili. Nikafuta, nikasaini pembeni, katibu naye akasaini. Spika zikazimwa, na lori la tatu likapakiwa kwa sauti ya mzee peke yake mpaka jogoo wa kwanza.

Siku ya mnada nayo ina nyimbo zake. Watoto wa shule ya msingi waliimba "Tazama ramani", viatu vimepakwa mafuta ya kula ving'ae, na wazee waliosoma zamani wakaimba nao kwa midomo bila kutoa sauti. Ngoma ya sindimba ilichezwa wageni walipowasili. Lakini sanduku la zabuni lilipofunguliwa na barua zikaanza kusomwa, kampuni hii tani kadhaa bei kadhaa, uwanja mzima ulinyamaza. Kilichosikika ni taarabu kutoka redio ndogo ya mama lishe, mbali kule chini ya mwembe, mpaka mtu akamwomba aizime. Mwenyekiti alipouliza kama tunauza, jibu lilitoka kwa pamoja, "Tunauzaaa!" na vigelegele vikapokea. Kwa masikio yangu huo nao ni wimbo.

Mwaka uliofuata, Novemba 2018, Serikali ilipoamua kununua korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo na malori ya Jeshi yakaja kusomba, makuli wetu walikaa kivulini wakisikiliza askari wakipakia kwa chenja, nyimbo za jeshini za kuitikiana. Baada ya wiki mbili nilimsikia mzee ameingiza kipande cha chenja ile kwenye wimbo wake. Bibi harusi hakumtoa.

Tangu msimu wa 2024 mnada unaendeshwa kwa mfumo wa kielektroniki wa Soko la Bidhaa Tanzania (TMX), na bei tunazisoma kwenye skrini. Naupenda uwazi wake. Lakini gunia bado linapandishwa lorini kwa bega, na mlangoni bado anakaa karani.

Mzee yule sasa nyonga zimemchosha, habebi tena. Mwanawe ndiye manju. Maneno ya kijana ni mengine kabisa, ya simu na bodaboda, ila gunia la kumi likipanda sauti inainuka vilevile.

Mwezi uliopita nilikuwa harusini kwa binti wa dada yangu, Mikindani. Akina mama walipomtoa ndani wakaimba wimbo wao, na uliposema bibi harusi anapita, mkono wangu wa kulia ulitafuta kalamu. Nilimwona mzee na kanga yake begani, nikanusa vumbi la maganda, nikaisikia jenereta.

Oktoba magunia yataanza tena kupanda malorini. Nimeshazungumza na katibu: vijana wa muziki watafunga spika zao upande wa barabarani, nyuma ya ofisi, na hawatawasha mpaka lori la mwisho lifungwe turubai.