Jibu: Kuimalizia Lotus 79 ya zamani au kununua nyingine

Ndugu, umeuliza kama, sasa ambapo mkono wako umekomaa, uimalizie ile Lotus 79, modeli ya plastiki ya gari la mbio za Formula 1, ya kipimo cha 1/20 uliyoiacha njiani, au ununue nyingine. Mimi ningeimalizia. Usijaribu kubandua bodi, kwa sababu gundi ya plastiki huyeyusha kingo na kuzifanya kitu kimoja. Jaza mianya kwa puti, kisha piga msasa wa maji kuanzia namba 400 hadi 1000, kwani rangi nyeusi ya gari hilo, aliloliendesha Mario Andretti alipotwaa ubingwa wa dunia mwaka 1978, haifichi hata mkwaruzo mdogo.

Kazi kubwa ni stika za maji, yaani zile zinazolowekwa ili zibanduke kwenye karatasi yake, hasa mistari ya dhahabu. Zikiwa zimegeuka njano, zifunge ndani ya mfuko angavu na kuubandika mfuko huo kwenye kioo cha dirisha lenye jua hadi njano ififie. Kabla ya kuzitumia, loweka kipande usichokihitaji. Kikipasuka, pulizia karatasi nzima vanishi nyepesi, iache ikauke, kisha kata kila stika kwa kufuata ukingo wake, maana vanishi huwa imeziunganisha zote. Matairi yanaweza kusubiri.