Jibu: Kocha wa futiboli ya Marekani anawezaje kuwa kiongozi wa shule?

Umeuliza ndugu, mchezaji wa chuo anaishiaje kuwa kocha mji mdogo, tena bosi shuleni. Mtazame Gordon Wood wa Texas. Alicheza Chuo Kikuu cha Hardin-Simmons, akaenda kufundisha sekondari. Akiwa mji mdogo wa Stamford alitwaa ubingwa wa jimbo 1955 na 1956, kisha mji wa Brownwood, 1960 hadi 1985, akautwaa mara 7 zaidi.

Cheo chenyewe hakina maajabu: shule nyingi za Texas humpa kocha mkuu wa futiboli ukurugenzi wa michezo yote. Basi makocha wengine wako chini yake. Na Ijumaa usiku, siku ya mechi za sekondari, katika miji midogo mingi watu wengi wako uwanjani, kwa hiyo akishinda, mwalimu mkuu mwenyewe humsikiliza.