Usitie Sahihi Siku Hiyo Hiyo

Jumanne usiku mama mmoja wa Bungoma aliniandikia: "Dada, daktari anataka kumpasua mtoto wiki ijayo ili awe msichana kamili. Nitie sahihi?" Nikaweka simu chini, nikaenda kuosha vyombo vilivyokuwa vimeshaoshwa.

Wangu alizaliwa huntha, yaani mwili usioonekana wazi kama ni wa kiume au wa kike, hapa Kisumu miaka tisa iliyopita. Mkunga alifungua nepi, akaifunga, akaifungua tena, kisha akamwita mwenzake. Nepi ile naikumbuka kuliko uchungu wenyewe. "Ni kijana... nadhani," akasema. Tukampa jina la babu yake, mama mkwe akapiga vigelegele vikasikika wodi ya pili.

Siku ya kumi na mbili mtoto akaanza kutapika, akalegea kama kitambaa kilicholoa. Damu ikapimwa: chumvi imeshuka, potasiamu imepanda. Tezi zilizo juu ya figo zake zilishindwa kutengeneza homoni za kuzuia chumvi isipotee, zikawa zinamwaga homoni za kiume kupita kiasi. Kromosomu zikasema XX, yaani za kike, na picha ikaonyesha mfuko wa uzazi.

Haidrokotisoni, dawa ya homoni, ilikuwa ya saa ileile. Bila hiyo ningemzika. Kisu hakikuwa na haraka yoyote. Lakini daktari aliviongelea vyote kwa pumzi moja, kabla hata hatujaruhusiwa kwenda nyumbani: "Ni kitu kidogo, mama, akikua hatakumbuka." Fomu ikawekwa kitandani.

Kwa miaka nimejisifu kwamba nilikataa. Ukweli ni kwamba kalamu ilikuwa mkononi tayari, ila mume wangu alikuwa soko la Kibuye na simu yake imezima. Tukaambiwa tumsubiri. Usiku ule ndipo akili ilinirudia.

Jina tulibadilisha herufi moja, O ya kiume ikawa A ya kike, Wajaluo mtanielewa. Habari za cheti cha kuzaliwa naziruka, foleni mnazijua. Mama mkwe alisema laana imetoka kwetu, na hakumbeba mtoto mpaka alipotimiza miaka miwili. Kama unasoma hapa, mama, salamu nyingi.

Sensa ya 2019 ilihesabu huntha 1,524 nchini Kenya. Karani alipouliza nilimeza mate kwanza, kisha nikasema. Mmoja wao alikuwa amelala kwenye kochi langu.

Kwa hiyo akina mama, acheni woga! Muulize daktari: tusipofanya leo, kesho atapatwa na nini? Kama mkojo hautoki, hiyo ni dharura, fanya. Kama jibu ni "watu watamcheka," basi mgonjwa ni hao watu. Tangu Sheria ya Watoto ya 2022, kiungo cha mtoto huntha hakibadilishwi wala kuondolewa bila ushauri wa daktari wa jenetiki. Uliza: yuko wapi huyo daktari, amesema nini? Na nyinyi akina baba mnaohamia kwa marafiki mtoto akizaliwa hivi, mwili ule ni wenu pia. Msitie sahihi kwa haraka. Narudia, msitie.

Wewe wa Bungoma, kama shida ni hii ya chumvi, dawa zisikatike hata siku moja, na akipata homa fuata dozi iliyoongezwa ya siku za ugonjwa, kama ulivyoelekezwa. Wangu humeza vidonge bila kelele, kisha akidhani simwoni huchovya kidole kwenye kopo la chumvi.

Jumatatu nenda, umsikilize, ila kalamu iache nyumbani. Ukitoka nipigie.