Mvua yote ile Ngazija, mito iko wapi?

Swali: Habari mtaalam. Nimeoa Ngazija, kule Komoro, na nilivyoenda ukweni mara ya kwanza nilishangaa, mvua inapiga kutwa lakini sijaona mto hata mmoja, na wenyewe wanasema visiwa vya jirani, Nzwani na Mwali, mito ipo. Sasa shemeji ana kiwanja kama mita 300 toka baharini, anataka kuchimba kisima, anasema tukishuka chini kabisa tukayapita maji ya chumvi tutakuta matamu. Kweli?

Jibu: Mwambie shemeji asubiri kwanza kabla hajamwita mchimbaji, maana kwa hapo ni kinyume kabisa. Akizidi kushuka ndo anazidi kuifuata bahari.

Tuanze na mito. Ngazija karibu yote ni Karthala, volkano ya mita 2,361 ambayo bado iko hai (1977 lava yake ilishuka ikafunika kijiji cha Singani), na upande wa kaskazini kuna mlima mdogo wa La Grille. Kwa hiyo mawe ya pale kwa hesabu ya jiolojia ni ya juzi tu, yamejaa nyufa na matundu, mvua ikidondoka haipati hata muda wa kutiririka, inazama palepale. Nzwani na Mwali ni visiwa vya zamani zaidi, mwamba umeoza ukawa udongo wa mfinyanzi, maji yanabaki juu, ndo mito hiyo. Ingawa Nzwani nako wasijisifu sana, misitu imekatwa, nyingine imeenda kwenye kuni za kuchemshia maua ya langilangi kutoa mafuta, na vijito vingi vilivyokuwa vinatiririka mwaka mzima siku hizi kusi likiingia vinakauka.

Sasa yale maji yaliyozama Ngazija yanaenda wapi? Yanashuka mpaka yanakuta maji ya bahari yaliyopenya ndani ya mwamba, na kwa vile maji matamu ni mepesi kidogo yanaelea juu yake, kama mafuta kwenye mchuzi, ila hapa mpaka haujakatika vizuri, katikati kuna eneo la mchanganyiko. Kanuni tunayotumia ni kwamba maji matamu yakisimama sentimita 10 juu ya usawa wa bahari, chini ya usawa huo yanakuwa na unene wa kama mita 4, yaani mara 40. Na karibu na pwani kile kimo cha juu ni kidogo mno. Ukivuta kwa pampu kubwa ukashusha maji sentimita 5 tu, chumvi inapanda kama mita 2 kutokea chini, na ikishaingia kisimani kuitoa ni kazi. Hivyo kushuka mita 60 hapo ni kununua chumvi kwa bei ya kisima.

Akitaka kweli, achimbe kipana, aishie kidogo tu baada ya kukuta maji, avute polepole kwa pampu ndogo. Kuhamia mlimani kukwepa chumvi nako kuna gharama yake, kwa sababu maji yanakaa karibu na usawa wa bahari hata huko ndani, kwa hiyo kiwanja kikiwa mita 200 juu, kisima nacho ni kama mita 200 kwenda chini.

Mimi hela hiyo ningejengea birika la mvua, kama wafanyavyo wenyeji wengi, lakini lenye mfuniko wa maana na bomba la kutoka kwenye bati linalochomoka. Novemba 2005 Karthala ilimwaga majivu, mabirika ya watu kibao yakachafuka. Majivu yakianza unachomoa bomba, unafagia bati, mvua ya kwanza unaiacha ipite.

Na kabla ya yote aende kwenye visima vya jirani wakati wa bamvua, bahari inapojaa na kupwa zaidi ya kawaida, apime chumvi maji yakijaa na yakipwa. Namba zikiruka sana kati ya hizo mara mbili, hicho kisima kinapumua na bahari, na chake kitakuwa hivyohivyo.