Ku- yetu ni moja, ya Kiingereza imegawanyika: niliyojifunza mapokezini

Jumapili usiku nilipata ujumbe wa dada mmoja aliyemaliza chuo mwaka jana. "Dada, shikamoo. Barua za maombi ya kazi nimeshatuma mpaka nimechoka kuhesabu. Naomba unitazamie hii, labda kuna kitu mimi sikioni." Akaiambatisha. Nikaisoma mara mbili. Elimu anayo, mafunzo kwa vitendo kayafanya, na msamiati wake unauzidi wangu wa umri ule. Lakini mstari wa mwisho kaandika: "I am looking forward to hear from you." Juu kidogo: "This job will enable me improve my skills." Na katikati: "My supervisor suggested me to apply."

Nilikaa na simu mkononi kwa muda. Makosa ya namna hiyo nayajua vizuri, maana mwaka 2017 yaliniliza.

Mwaka ule nilitoka Tanga na cheti changu cha hoteli, nikapata kazi mapokezi kwenye hoteli moja ya ufukweni huko kaskazini mwa Unguja. Shifti ya usiku ilikuwa inaisha saa moja asubuhi, na kabla hujaondoka unaandika kwenye daftari la makabidhiano kila kilichotokea, ili wenzako wajue pa kuanzia. Usiku mmoja mama wa chumba namba 12 alikuja kaunta kuniambia kwamba mtoto wake tumbo limechafuka, ameacha kunywa maziwa, kwa hiyo asubuhi jikoni wasimpelekee. Nikaandika kwa mwandiko wangu mzuri: "The child in room 12 stopped to drink milk." Nikaenda kulala.

Maziwa yakapelekwa. Mama akaja juu, na alikuwa na haki. Jioni, kwenye kikao, meneja akalifungua daftari na kuisoma sentensi yangu kwa sauti mbele ya watu wote, halafu akaniuliza: "Stopped where?" Yaani huyo mtoto alisimama wapi akanywa maziwa? Watu wakacheka. Wengine walikuwa watu niliokula nao chungu kimoja. Kikao kilikwisha bila mtu hata mmoja kunieleza nimekosea wapi, na hilo ndilo linaloniuma hadi leo kuliko kile kicheko.

Nilikuja kuelewa baadaye, peke yangu. Sisi tuna vitenzi viwili, kuacha na kusimama, kwa hiyo hatuwezi kuchanganya. Kiingereza kinatumia stop kwa vyote, na tofauti inakaa kwenye kitenzi kinachofuata. Chukua daladala. "The daladala stopped to pick up passengers": limesimama lipakie abiria. "The daladala stopped picking up passengers": limeshajaa, halipakii tena. Mimi nilitakiwa kuandika "stopped drinking milk". Remember nayo iko hivyo hivyo. "I remembered to lock the store" maana yake sikusahau kufunga stoo. "I remember locking the store" maana yake nakumbuka kabisa nilivyokuwa naifunga. Mlinzi akiulizwa kuhusu wizi, sentensi hizi mbili haziwezi kumsaidia sawasawa.

Chanzo cha yote ni ku- yetu. Tunasema napenda kusoma, kusoma kunachosha, amekwenda kusoma, anaweza kusoma. Ku- ni ile ile, popote uendapo nayo. Mwingereza kaigawa mafungu matatu: to read, reading, na read tupu. Anayechagua fungu ni kitenzi kilichotangulia. Want, decide, hope, promise, refuse vinataka to. Enjoy, finish, avoid, mind vinataka -ing. Can, must, should, let na make havitaki kitu. Ndiyo maana "let me to know" ni kosa, na "I can to speak" pia.

Usiniulize kwa nini enjoy inakataa to. Jiulize kwanza kwa nini sisi tunasema anakula na hatusemi anala, ilhali anasoma haihitaji ku-, na ukikanusha ile ku- ya kula inatoweka: hali. Ukisema anakusoma umeshasema jambo lingine kabisa. Hakuna aliyetukalisha chini kutufundisha hayo. Tuliyasikia yakiwa ndani ya sentensi, yakakaa.

Pengine tunapoanguka zaidi ni kwenye nataka uje. Sisi tunabadilisha mwisho wa kitenzi: uje, asome, wasubiri. Ukitafsiri moja kwa moja unapata "I want you come". Kiingereza kinadai to: "I want you to come." Alinambia nisubiri ni "He told me to wait". Ukikanusha, not inakaa mbele ya to: "He told me not to wait." Lakini make inajitenga. Walinifanya nisubiri ni "They made me wait", bila to, halafu ukisema nilisubirishwa, to inarudi: "I was made to wait."

Nilijifunza vipi? Nilinunua daftari la kurasa 96. Kila barua pepe ya mgeni iliyopita mikononi mwangu niliinakili sentensi moja, nzima. "We would like to extend our stay." "Would you mind sending the bill?" "We enjoyed staying with you." Miezi ile siielezi, ilikuwa kunakili na kurudia tu. Mwaka 2021 nikawa msimamizi wa mapokezi, na daftari la makabidhiano leo nalikagua mimi. Kijana akikosea namwita pembeni, namwonyesha, namrudisha kazini. Hakuna anayesomewa sentensi yake kikaoni, si kwenye zamu yangu.

Kwa hiyo ndugu yangu unayesoma hapa, acha kukariri vitenzi vikiwa peke yake. Ukiandika enjoy, andika enjoy staying. Ukiandika decide, andika decide to stay. Kitenzi na mwenzake, kila siku. Mnanunua vitabu vya maneno 1,000, mnayajua yote 1,000, halafu barua inaharibika kwa neno la herufi mbili. Andika sentensi nzima. Narudia, sentensi nzima. Na usione haya kuuliza, maana aibu ya kuuliza ni ya dakika moja, na ile ya kikaoni mimi nimekaa nayo miaka.

Nilimrudishia mdogo wangu barua yake usiku ule ule. Enable nimemwekea to: "enable me to improve". Suggest haipokei mtu akifuatiwa na to, kwa hiyo ama "suggested that I apply", ama abadilishe kitenzi: "advised me to apply". Kwenye look forward to nilimpa kipimo ninachokitumia mwenyewe: jaribu kuweka jina baada ya to. "I look forward to your reply" imekaa vizuri. Basi to hiyo inafuatwa na jina, na kitenzi kikitaka kukaa hapo lazima kivae -ing: "I look forward to hearing from you."

Jana kanijibu. Ameitwa kwenye usaili, Alhamisi saa nne asubuhi, kazi yenyewe ya shifti ya usiku. Akaniuliza aseme vipi kwamba usiku kwake si shida, amezoea. Nikamwambia aseme "I am used to working at night", na asiiache ile am wala ile -ing. Akisema "I used to work at night", wataelewa kwamba zamani alikuwa akifanya kazi usiku, na sasa hafanyi tena.