Mbona amonia hutengenezwa kwenye joto kali?
Mdogo wangu, umeuliza: kama nitrojeni na hidrojeni zikiungana kuwa amonia joto hutoka, na kanuni ya Le Chatelier inasema ubaridi husogeza msawazo (hali ambapo amonia inaundwa na kuvunjika kwa kasi ile ile) upande wa amonia, mbona kiwandani wanapasha hadi nyuzi 400 au 450?

Msawazo hukwambia utafika wapi; utafika lini ni habari nyingine. Kwenye ubaridi amonia ingekuwa nyingi kweli, lakini ungesubiri mpaka uote mvi, maana atomi mbili za nitrojeni zimeshikana kwa vifungo vitatu na haziachani kirahisi. Joto huharakisha mmenyuko wa kwenda na wa kurudi, ila ule wa kurudi ndio hufaidi zaidi. Basi wanachukua joto la wastani, kichocheo cha chuma, na mgandamizo wa atimosfia kama 200. Mgandamizo husaidia kwa sababu molekuli 4 za gesi (1 ya nitrojeni, 3 za hidrojeni) zinabaki 2.

Hata hapo, gesi ikipita mara moja ni kama asilimia 15 tu hugeuka. Ujanja uko baadaye: mchanganyiko unapozwa, amonia inakuwa kimiminika na kutolewa, gesi iliyobaki inarudishwa kuanza upya. Hiyo sehemu wanafunzi wengi huiruka.

Na kwenye mtihani usije ukaandika kwamba kichocheo kinaongeza amonia kwenye msawazo. Hakiusogezi hata kidogo, kinaufikisha mapema tu.