Maswali na Majibu: Mkazo Kwanza, Herufi Bubu Baadaye

Neno "often", t yake inatamkwa? Bosi ananisahihisha mbele ya wenzangu.

Yote mawili ni sahihi. T ilidondoka katika matamshi ya Waingereza wengi karne ya 17, kisha ikarudi watu walipoanza kufuata maandishi. Kamusi kubwa za leo zinakubali yote mawili. Kumkatisha mtu mzima kauli kwa herufi ambayo wenye lugha wenyewe hawajaafikiana ni kumdhalilisha bure.

Na "listen"?

Haitamkwi.

Kwa nini b ya "debt" haisomwi?

Neno lilitoka Kifaransa, "dette", bila b. Wasomi ndio waliolichomekea b baadaye ili lifanane na Kilatini "debitum", na wasemaji hawakuwafuata. P ya "receipt" ni vivyo hivyo. S ya "island" ni makosa matupu: walidhani neno hilo ni ndugu wa "isle", kumbe asili zao ni mbalimbali.

Binti yangu anatamka "vejtabo", mwalimu anataka "vejiTEbo". Nani yuko sahihi?

Binti. Hapa ndipo tunapoharibu, tena walimu wakiwa mbele. Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho: kiTAbu, kitaBUni. Tunabeba mazoea hayo hadi kwenye Kiingereza, ambako mkazo hauna kituo kimoja. "Vegetable" lina mkazo mwanzoni, VEJ, na silabi zinazofuata hufifia hadi nyingine kumezwa. "Comfortable" vilevile: KAMF-tabo. "Development" unakaa kwenye ve. "Present" ukikazwa mwanzo ni zawadi, ukikazwa mwisho ni kukabidhi. Ukitamka t ya "often" kila mtu atakuelewa. Ukikosea mkazo, msikilizaji anaweza asilitambue neno kabisa. Lakini shule nyingi hukagua herufi bubu na kuuacha mkazo, na mtoto anayepatia anachekwa darasani. Mama, zungumza na mwalimu huyo kwa upole, wala usimwache mtoto abadilishe.

"Schedule" ni "skejuo" au "shedyuo"?

Swali hili limejibiwa hapa mara nyingi mno. Marekani husema sk, Uingereza wengi husema sh. Chagua moja. Kamusi ya Cambridge mtandaoni ina alama ya spika kwa matamshi yote mawili, bure. Bonyeza usikilize kabla ya kuniandikia. Na mnaobana pua ili msikike Wamarekani, acheni: mnapoteza mkazo na sauti zenu kwa pamoja.